Nusu ya Pili ya Wasia

Hotuba kwa vijana wa vikundi vya maigizo na walimu wa fasihi, Tanga

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliokosa viti mkakaa sakafuni, nawashukuru kwa kuja. Nyinyi wa sakafuni msione mmepata mahali pabaya. Leo sakafu nayo ina habari yake, tutaifikia.

Niliombwa nizungumzie mali na ibada katika maigizo ya maadili ya Ulaya ya zama za kati, yale ambamo Mauti, Mali na Matendo Mema husimama jukwaani kama watu. Maigizo hayo ni kadhaa, ila liko moja ambalo nimeishi nalo tangu nianze kufundisha. Kwa Kiingereza linaitwa Everyman. Mimi na wanafunzi wangu tulizoea kuliita Kila Mtu. Lina mistari 900 na ushee. Mwandishi wake hakuweka jina. Nakala zilizobaki zinatokana na wapiga chapa wawili wa London wa mwanzoni mwa karne ya 16, Richard Pynson na John Skot, na wataalamu wengi wanakubaliana kwamba limetafsiriwa kutoka igizo la Kiholanzi, Elckerlijc, lililochapwa mjini Delft mnamo 1495 hivi.

Ushikeni mwaka huo. Mwaka mmoja kabla yake, 1494, kule Venice, mtawa Mfransisko aitwaye Luca Pacioli alichapisha kitabu cha hesabu, na ndani yake akaeleza jinsi wafanyabiashara wa mji ule walivyoandika daftari zao: kila muamala mara mbili, upande wa anayedai na upande wa anayedaiwa. Sisemi kwamba mwandishi wa igizo alikisoma. Nasema kwamba ule ulikuwa ulimwengu wa watu wa daftari. Miji ya Uholanzi na Flanders, na ya mashariki ya Uingereza, iliishi kwa sufu, vitambaa na mikopo, na mtoto wa mfanyabiashara alikua anaona daftari kama mtoto wa Pangani anavyokua anaona mtumbwi. Ndiyo maana Mungu anapomtuma Mauti mwanzoni mwa igizo, hamwambii tu akamlete mtu. Anamwambia amlete na hesabu zake, hesabu iliyo sawasawa, bila kuchelewa.

Kila Mtu anakutwa njiani, kavaa vizuri, akili iko kwenye starehe na hazina zake. Mauti anamsimamisha, anamwambia safari imefika na daftari litakaguliwa. Mnadhani la kwanza analofanya ni nini? Anatoa pesa. Pauni 1,000, shika, njoo siku nyingine. Sisi tuna msemo wetu, penye udhia penyeza rupia, na baadaye yeye mwenyewe anasema karibu neno hilo hilo, kwamba watu husema fedha hunyoosha kila kilichopinda. Mauti anamjibu kwamba hajali dhahabu wala fedha, hajali papa wala mfalme, na kama angekuwa mtu wa kupokea zawadi angekuwa amekwisha kuimiliki dunia nzima. Hapo Kila Mtu anabadilisha ombi. Apewe miaka 12 tu, aliweke daftari lake sawa.

Miaka 12! Kila nilipowasomea vijana hapo palikuwa na mmoja anayecheka, na kila mara nikawaza juu ya yale mambo niliyoyaahirisha mimi.

Kisha yanafuata maneno ambayo kwa Kiswahili yana bahati ya kuwa na neno lake hasa. Mauti anamuuliza: ulidhani uhai huu umepewa, na mali hii pia? Kila Mtu anasema, ndivyo nilivyodhani, kweli kabisa. Hapana, anaambiwa, uliazimwa. Ukiondoka atakuja mwingine akae nayo kidogo, naye aondoke. Mkaguzi yeyote wa tafsiri atakubali "mkopo". Mimi nimeandika "amana", kwa sababu mkopo unaweza kuulipa ukasahaulika, lakini amana inabaki ya mwenyewe hata ikiwa mkononi mwako miaka hamsini.

Marafiki anaowaomba wamsindikize safari hiyo nitawapitia haraka, maana mnawajua. Swahiba anaapa kwamba hata ukienda motoni hatakuacha njiani. Akisikia safari yenyewe, anasema kama ni kula na kunywa yupo, kama ni kufuata wanawake yupo, hata kama ni kuua mtu atasaidia, lakini huko hapana. Jamaa nao wanaapa, kisha Binamu anasema mshipa wa kidole cha mguu umemkaza, hawezi kutembea. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Kila Mtu hana hata mmoja. Na hapo ndipo anapokumbuka kwamba maisha yake yote kuna mmoja aliyempenda kuliko hao wote. Anaita: Mali, uko wapi?

Hapa ndipo nataka tukae.

Mali anajibu kutoka chini. Hatokei jukwaani kwa mbwembwe. Anasema: nimelala hapa pembeni, nimefungwa mafurushi, nimerundikwa juu kwa juu, nimetiwa kufuli ndani ya makasha, nimeshindiliwa kwenye mifuko, waona kwa macho yako, siwezi kujitikisa. Huo ndio utambulisho wake. Tajiri anayemuita hajawahi kujiuliza mali yake inajisikiaje humo ndani, na mwandishi anatusikilizisha.

Mali anauliza shida ni nini, na anaahidi: ikiwa ni tabu ya dunia hii, nitaitatua mara moja. Ni ahadi ya kweli, tena aliitimiza miaka yote. Kila Mtu akieleza kuwa tabu si ya dunia hii, Mali hatafuti kisingizio cha kidole cha mguu. Anasema wazi: mimi simfuati mtu safari za namna hiyo, na nikikufuata mambo yako yatakuwa mabaya zaidi, kwa sababu ulipoweka moyo wako kwangu, mimi ndiye niliyelitia daftari lako madoa hata halisomeki. Kila Mtu analia, nimekupenda maisha yangu yote. Anajibiwa kwamba hilo ndilo lililomwangamiza. Lakini kama ungenipenda kwa kiasi, ukawapa masikini sehemu yangu, usingekuwa katika majonzi haya. Kisha anasema maneno ya kutisha kuliko yote: mimi si wako, niliazimwa kwako, na ukifa nakwenda kumhadaa mwingine kwa njia hii hii.

Nimesoma wachambuzi wanaomwita Mali shetani wa igizo hili. Sikubaliani nao. Katika wote walioitwa mpaka hapo, Mali ndiye wa kwanza kumwambia Kila Mtu ukweli. Swahiba aliapa kisha akakimbia, na jamaa vile vile. Mali alisema alivyo, akasema kosa lilikuwa wapi, na akataja hata dawa ambayo ingefaa: sehemu kwa masikini. Anacheka, ndiyo, na kicheko chake kinachoma. Lakini hakudanganya.

Sasa sakafu. Kila Mtu, baada ya kukataliwa na wote, anamkumbuka Matendo Mema. Anaita kama alivyomwita Mali: uko wapi? Na sauti inajibu kutoka chini: niko hapa, nimelala, baridi ardhini; dhambi zako zimenifunga, siwezi kujitikisa.

Tuliliigiza igizo hili mjini hapa miaka 13 iliyopita. Kijana aliyeigiza Mali tulimtengenezea kasha la mbao kubwa la kuagizia vipuri, tukamjazia magunia juu yake. Binti aliyeigiza Matendo Mema alilala kwenye saruji upande wa pili wa jukwaa tangu pazia linafunguka, kafunikwa shuka. Siku moja ya mazoezi, ilikuwa Julai na upepo wa kusi ukiingia, tulifika pale anapojibu. Badala ya maneno yake akainua kichwa akasema, "Mwalimu, sakafu hii ina baridi kweli, miguu siisikii." Wenzake walicheka. Mimi nilinyamaza, kwa sababu ndiyo hasa maneno yaliyomo kwenye mswada. Na nilipogeuka nikamwona yule kijana wa upande wa pili, naye kajikunja ndani ya kasha, magoti yamegusa kidevu. Nilikuwa nimelifundisha igizo lile kwa miaka mingi sijaona. Wote wawili wamelala chini. Wote wawili wanasema neno lile lile, siwezi kujitikisa. Mali kafungwa kwa kufuli, Matendo Mema kafungwa kwa dhambi, na aliyewafunga ni mtu mmoja.

Nikaelewa kwamba tumelisoma igizo hili vibaya tunapolifundisha kama ngumi baina ya pesa na dini, mali kona ile, ibada kona hii, na Kila Mtu achague. Halisemi hivyo. Linasema mali iliyofungiwa na wema uliolemaa ni ugonjwa mmoja.

Matendo Mema anamwonyesha daftari lake, limetupwa chini ya miguu. Kila Mtu analifungua, haoni hata herufi moja. Hebu muifikirie hali ya mfanyabiashara anayeambiwa kesho mkaguzi anakuja, anafungua daftari la maisha yake yote, karatasi haisomeki.

Waislamu wenzangu hapa bila shaka tayari mnasikia jambo masikioni. Ile hadithi aliyoipokea Anas bin Malik, iliyomo katika Bukhari na Muslim, tumeisikia makaburini tangu utotoni: vitu vitatu humfuata maiti, watu wake, mali yake na amali zake, viwili hurudi, kimoja hubaki naye. Hurudi watu wake na mali yake, zikabaki amali zake. Nilipokuwa mwanafunzi nikakutana na igizo hili la Wakatoliki wa Uholanzi na Uingereza, nilidhani ni sadfa tu. Baadaye nikajua kwamba kisa cha marafiki watatu kina safari yake. Kimo ndani ya hadithi ya Barlaam na Josaphat, iliyopendwa mno na Wakristo wa Ulaya, na hadithi hiyo asili yake ni maisha ya Buddha. Ilipita kwenye Kiarabu, ikiitwa Bilawhar na Yudasaf, ikaingia Kijojia, kisha Kigiriki, kisha Kilatini. Humo mtu anaitwa na mfalme kwa ajili ya deni kubwa asiloliweza. Anakwenda kwa rafiki aliyempenda kuliko wote, na rafiki huyo, ambaye ndiye mali, anampa matambara mawili tu ya kuvaa njiani. Matambara mawili! Sanda haina mfuko, tunasema, na yule msimuliaji wa kale alikwisha kuyahesabu mapande yake. Kwa hiyo kijana Mwislamu akisimama jukwaani kuigiza Kila Mtu hajaazima cha jirani, wala Mkristo akisikia hadithi ile makaburini hajasikia kigeni.

Niruhusuni niingize igizo jingine kidogo, kwa ajili ya tukio moja. Linaitwa The Castle of Perseverance, Ngome ya Ustahimilivu, la mnamo 1425 hivi. Ni refu, zaidi ya mistari 3,600, na mswada wake uko maktaba ya Folger mjini Washington, una mchoro wa uwanja wa kuigizia: ngome katikati, kitanda cha Binadamu, mhusika mkuu, chini yake, na majukwaa pembezoni. Mungu yuko mashariki, shetani Belial kaskazini. Tamaa ana jukwaa lake peke yake, nalo liko kaskazini mashariki, kati ya shetani na Mungu. Na kabati la Tamaa limewekwa miguuni mwa kitanda. Aliyepanga uwanja ule alijua Tamaa husubiri wapi.

Katika igizo hilo Binadamu analindwa ndani ya ngome na fadhila saba, na dhambi zikishambulia, fadhila zinazirushia maua ya waridi, nazo zinakimbia zikilia kwa majeraha. Kiburi anashindwa, Hasira anashindwa, Uvivu anashindwa. Tamaa peke yake anashinda, na hashindi kwa vita. Anasubiri Binadamu azeeke, nywele ziwe mvi, kisha anakuja na maneno ya upole: umezeeka, viungo vina baridi, utahitaji kitu cha kukutunza, mfuko wako ndio utakaokuwa rafiki yako mkubwa. Na mzee anashuka kwa miguu yake mwenyewe. Hakuna aliyemvuta. Anapokufa, Ulimwengu anatuma mtoto wa kiume kuja kuchukua urithi wote. Binadamu, roho ikiwa kooni, anamuuliza jina lake. Mtoto anajibu: naitwa Sijui Nani.

Jina hilo lina mwangwi wa Zaburi ya 39, inayosema mtu huweka akiba wala hajui nani atakayeichukua. Nimelifundisha mara nyingi, na kila mara nikifika pale sauti yangu hubadilika. Wengi wetu humu tumewahi kumwona Sijui Nani kwenye matanga.

Nirudi kwa Kila Mtu, maana sijafika kwenye jambo lililonileta hapa.

Baada ya daftari tupu, Maarifa anamshika mkono, anampeleka kwa Maungamo. Anapewa toba, anajipiga kwa mjeledi wa toba, na hapo hapo Matendo Mema anainuka kutoka sakafuni, anatembea. Watu hupenda kuishia hapa. Mchungaji akilitumia igizo hili katika mahubiri huishia hapa. Ustadhi akilisimulia huishia hapa. Mtu katubu, amali zimesimama, alhamdulillah. Lakini mwandishi hajamaliza. Kila Mtu anaita wenzake wakae karibu wawe mashahidi, anatamka wasia. Nusu ya mali yangu, anasema, naitoa sadaka kwa mikono yangu miwili. Na nusu nyingine irudishwe panapostahili kuwa.

Irudishwe. Nusu nzima ya mali yake haikuwa yake hata kwa ile maana ya kawaida ya sokoni. Ni mali ya watu: deni, dhuluma, mizani iliyopunjwa, riba. Waliolitazama igizo lile walielewa bila maelezo, kwa sababu Kanisa lao lilifundisha waziwazi maneno ya Mtakatifu Agostino, kwamba dhambi haisamehewi kama kilichochukuliwa hakikurudishwa. Mla riba alipokwenda kuungama, kuhani alitakiwa amuulize umewarudishia? Na sisi Waislamu tunajua vilevile: haki ya Mungu unaiombea msamaha, haki ya mja lazima umrudishie mja, na deni la maiti hulipwa kabla mrithi hajagusa kitu.

Nusu ya kwanza ya wasia tunaipenda sote. Sadaka ina heshima yake, ina jina, ina watu wanaoitikia amina. Nusu ya pili haina anayeitikia. Unakwenda kwa mtu, unamwambia hii ilikuwa yako, na kwa kusema hivyo umejishuhudia mwenyewe. Ndiyo maana inasahaulika.

Mimi nilijifunza nusu ya pili kabla sijasikia jina la igizo hili. Baba yangu alikuwa na duka la rejareja, la mlango mmoja. Alifariki nikiwa na miaka 17. Siku ya tatu, baada ya hitma, wazee wa ukoo wakakaa barazani wakaomba daftari la duka. Lilikuwa daftari moja, limeshonwa upya kwa uzi wa gunia, na baba aliliandika kutoka pande mbili: mbele waliokuwa wakidaiwa na duka, ukiligeuza nyuma, waliokuwa wakilidai. Wakasoma mbele kwa sauti, jina baada ya jina, sukari kiasi fulani, mafuta ya taa kiasi fulani, na mmoja akawa anaandika kwenye karatasi nani ataendewa lini. Walipofika mwisho wakalifunga. Mama yangu alikuwa eda, ndani, nyuma ya pazia. Hatukumwona, tulisikia sauti tu. Akasema, "Ligeuzeni."

Wakasema hayo yatafuata baadaye. Akasema tena, "Ligeuzeni, muanze nyuma." Palikuwa na mvuvi aliyeleta ng'onda, palikuwa na mwenye mkokoteni, palikuwa na mwanamke wa nazi kutoka shamba. Ba'mdogo mmoja alisema, kwa kuudhika, kwamba mwenye mkokoteni hata yeye mwenyewe hakumbuki. Na kweli hakuwa anakumbuka. Nilipompelekea pesa yake alinibishia, akasema marehemu hakuwa na deni kwake. Ilibidi nimwonyeshe mwandiko. Cherehani ya mama iliuzwa ili kufikia mstari wa mwisho wa ukurasa ule, na urithi ulipogawanywa hapakubaki cha kugombania. Wazee wetu wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Mama alijua daftari lina kurasa za nyuma.

Kwa hiyo mtu akiniambia igizo hili linafundisha kuichukia dunia, namwomba asome wasia ule tena. Mtu anayeichukia mali anaitupa. Kila Mtu haitupi. Anaifungulia kasha, anaipeleka kwa wenyewe.

Wala ibada peke yake haiachwi bila kukaguliwa. Kuna mahali Fahamu Tano, mmoja wa wenzake wa mwisho, anausifu ukuhani kwa maneno makubwa, na Maarifa anamkatiza: wapo makuhani wanaomnunua na kumuuza Mwokozi wao, na watoto wao huota moto kwenye majiko ya watu wengine. Sentensi hiyo ilisemwa mbele ya watu waliowajua watoto hao kwa majina. Mali inaweza kuingia hata madhabahuni ikavaa kanzu.

Na nyinyi wa maigizo, mlio na njaa ya kuendesha vikundi vyenu, mjue kwamba wale wa zamani nao waliishi kwa mfuko wa mtazamaji. Katika igizo liitwalo Mankind, la miaka ya 1465 hadi 1470 hivi, wachezaji wanasimama katikati na kukusanya pesa kabla ya kumtoa Titivillus, shetani mwenye kichwa kikubwa ambaye kila mtu anatamani kumwona. Na wanaopitisha bakuli ni wale wanaoigiza uovu. Nimelifikiria sana tukio hilo. Mtazamaji anatia mkono mfukoni amlipie shetani aje, na akishatoa, yeye naye yumo ndani ya igizo.

Baada ya mageuzi ya dini Uingereza, igizo la Kila Mtu, lenye sakramenti zake na mjeledi wake, lilikosa pa kusimama, likakaa vitabuni karne nyingi. Mwaka 1901 mwongozaji wa maigizo William Poel alilipandisha tena jukwaani, London, katika uwanja wa Charterhouse. Mahali pale palikuwa monasteri, nayo ilijengwa kwenye ardhi ya makaburi ya waliokufa kwa ile tauni kuu ya 1348 na 1349. Mwaka 2013 wachimbaji wa njia ya reli ya Crossrail walikuta mifupa ya watu 25 hapo jirani. Sijui kama Poel aliwawazia waliokuwa chini ya miguu ya wachezaji wake, lakini igizo lenyewe lilizaliwa katika Ulaya iliyokuwa bado inawakumbuka. Mnamo 1911, Berlin, mwandishi wa Austria Hugo von Hofmannsthal alilitoa kwa Kijerumani, na tangu 1920 linachezwa mbele ya kanisa kuu la Salzburg. Duro Ladipo wa Nigeria akalitia katika Kiyoruba, likaitwa Eda. Waswahili hatujachelewa.

Nimalizie na lile kasha.

Mwishoni Kila Mtu anafika kaburini. Uzuri anakuwa wa kwanza kukimbia, kisha Nguvu, kisha Busara, kisha Fahamu Tano. Maarifa anabaki mpaka ukingoni. Matendo Mema anaingia naye. Mswada haumrudishi tena Mali jukwaani baada ya kicheko chake. Kwa kawaida hutoka jukwaani mapema, asionekane tena. Sisi hatukumtoa. Nilimwambia yule kijana abaki ndani ya kasha lake, na magunia juu. Kila Mtu alipotamka nusu ya kwanza, watoto wawili walipanda jukwaani wakabeba magunia matatu wakayashusha kwa watazamaji. Alipotamka nusu ya pili, wakarudi, na safari hii hawakugawa hovyo. Walikuwa na karatasi ya majina, wakamtafuta mmoja mmoja ukumbini, wakamwekea gunia lake miguuni. Ilichukua muda. Ukumbi ulikuwa kimya, watu wakigeuka kuangalia ni nani anayerudishiwa, na nani aliyesahau kwamba alikuwa anadai.

Gunia la mwisho lilipoondoka, kasha likawa tupu. Yule kijana aliyeigiza Mali akatoa mkono mmoja, akashika ukingo, akasimama polepole, kwa sababu magoti yalikuwa yamekufa ganzi, akajinyoosha. Sikuwa nimemwelekeza afanye lolote zaidi. Lakini alivuka jukwaa, akamwokotea yule binti shuka lake lililokuwa limebaki sakafuni, akamfunika mabegani.